Majestic ya Vuga si gofu

Wageni wanaopita Barabara ya Vuga huwa wanatafuta milango. Anayewatembeza huwasimamisha mbele ya mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, akawaonyesha mnyororo uliochongwa pembeni na samaki waliochongwa chini, wakapiga picha, msafara ukasogea. Jumba la Majestic, sinema ya zamani, wanalipita. Kuta zake ni za saruji, uso wake umenyooka, rangi imebanduka siku nyingi. Aliyekuja Unguja kutafuta karne ya 19 haoni cha kumsimamisha hapo.

Mimi nataka kumsimamisha, na zaidi ya mgeni nataka kumsimamisha Mzanzibari mwenzangu, kijana anayepita hapo kila siku akienda skuli na hajawahi kuambiwa ndani ya kuta zile palikuwa na nini. Mji wetu umejaa majumba yaliyojengwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa: makasri, ngome, nyumba za mabalozi, afisi za dola. Majumba yaliyojengwa ili mchukuzi wa bandarini, fundi cherehani, karani na mke wa mvuvi walipe senti zao waingie, wakae, wafurahi, ni ya kuhesabu kwa vidole. Majestic ni moja katika hayo machache. Ndiyo maana linaniuma.

Historia ya kiwanja chenyewe ni ndefu kuliko jina lililo ukutani. Sinema iliingia Unguja mapema, kwanza kwa waonyeshaji wa kupita waliokuja na mashine zao, wakaonyesha picha siku chache wakaondoka. Katikati ya miaka ya 1910 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla akafungua ukumbi wa kudumu uliojengwa kwa mabati, na watu, kama kawaida ya watu wa Mjini, wakaupa jina kutokana na wanachokiona: Sinema ya Bati. Nikifikiria joto la mwezi wa Februari chini ya paa la bati, na umati umebanana gizani, napata picha ya kiu waliyokuwa nayo watu ya kuona picha zikitembea. Kiu hiyo ndiyo iliyolipa gharama ya jumba kubwa zaidi.

Mwaka 1921 pale Vuga pakafunguliwa Royal Cinema Theatre. Ramani yake alichora John Houston Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye kuanzia mwaka uliofuata akawa ndiye mwakilishi mkuu wa Uingereza visiwani. Kazi zake bado ziko mbele ya macho yetu. Mahakama Kuu ya Vuga ni yake. Beit el Amani, lile jumba la makumbusho jeupe lenye kuba pale Mnazi Mmoja lililofunguliwa 1925, ni lake pia. Sinclair alipenda kuba, matao na nakshi, akichanganya mambo ya Kiarabu, ya Kituruki na ya Kizungu katika jengo moja, na wapo wanaosema alitupambia mji kuliko ulivyojipamba wenyewe. Mimi nayapenda majengo yake. Ila ninapoyapenda sisahau kwamba alikuwa mtawala kabla ya kuwa msanii, na kwamba mahakama na makumbusho vilijengwa vitutazame kutoka juu. Sinema ilikuwa kitu kingine. Hata iwe imechorwa na mtawala, haiwezi kuishi bila ya mtu wa kawaida kununua tiketi.

Na watu walinunua. Filamu za miaka ile ya mwanzo zilikuwa bubu, jambo ambalo siku hizi tunaliona kama upungufu. Kwa mji kama wetu lilikuwa neema. Katika ukumbi mmoja wangeweza kukaa Mswahili, Mgoa, Muhindi, Mshihiri, Mngazija na Muarabu wa Oman, na mtu akianguka kwenye pipa la maji wote wakacheka kwa pamoja, aliyesoma na asiyesoma. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti ilitoka 1931, na ya Misri ikafuata mwaka 1932. Kuanzia hapo kila kaumu ilipata lugha ya kujifaragua nayo, lakini tabia ya kukaa ukumbi mmoja ilishajengeka. Mtu asiyejua neno la Kihindi aliingia filamu ya Kihindi ya saa tatu, akatoka anaimba.

Hapa pana jambo la kulishika vizuri. Miaka ileile, katika Afrika Kusini na Rhodesia, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia sinema ya Mzungu. Unguja hapakuwa na mlango wa rangi sinema. Kilichowatenganisha watu ndani ya ukumbi kilikuwa bei: viti vya mbele, karibu na pazia, vilikuwa rahisi, na vya nyuma na ghorofani vilikuwa ghali. Huo haukuwa usawa, na sitaki kuupaka sukari ukoloni ambao kila kitu chake kilipangwa kwa madaraja, kuanzia hospitali mpaka skuli. Lakini mwenye kiti cha nyuma na mwenye kiti cha mbele walitazama picha moja, wakashtuka kwa jambo moja, wakatokea barabara moja wakibishana. Nikitafuta mahali pengine Mjini katika miaka ya 1930 ambapo hilo lilitokea kila wiki, tena usiku, wanaume na wanawake, sipati pengi.

Mwaka 1954 Royal iliungua moto.

Kilichofuata kinaonyesha biashara ile ilikuwa na nguvu kiasi gani. Mwaka mmoja tu baadaye, 1955, katika kiwanja kilekile pakasimama jumba jipya, Majestic. Sultani Khalifa bin Haroub, aliyekaa kitini tangu 1911 hadi 1960, alikuwa ndiye mtawala wakati Royal inafunguliwa, inaungua, na Majestic inazaliwa. Jumba jipya lingeweza kurudishiwa kuba na matao ya Sinclair. Halikurudishiwa. Mbunifu wake, Sachania, alitumia saruji na mistari iliyonyooka ya ule mtindo ulioenea duniani kwa jina la Art Deco, mtindo wa viwanja vya ndege, meli kubwa na sinema. Hakuna nakshi ya kuombea radhi. Jumba linasema waziwazi kwamba ni la leo, la mwaka 1955, na kwamba watu wa Unguja wana haki ya kuwa watu wa leo. Hilo ndilo linalonivutia kwenye uso ule kuliko uzuri wake. Mjini petu tumezoea kuambiwa kwamba thamani yetu iko nyuma, katika karne za majahazi na karafuu. Majestic ilijengwa na watu waliokuwa wakitazama mbele.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Kikwajuni, na Majestic ndiyo iliyokuwa sinema yake. Kutoka kwao mpaka Vuga ni kuvuka Mnazi Mmoja tu. Miaka ile palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo mume hata awe mkali vipi alishindwa kuyakataza, maana ndani hamna mwanamme wa kuonana naye. Nilimuuliza siku moja walikuwa wakiendaje.

"Kwa miguu, mwanangu. Wanawake kumi, kumi na tano, mabuibui yetu meusi, watoto tumewashika mikono. Tukishavuka Mnazi Mmoja tushaanza kuimba."

"Na mkifika?"

"Tukifika tunalia. Tunacheka kidogo, tunalia sana. Na mtu akilia hachekwi, kwa sababu aliye pembeni yake analia zaidi."

Filamu aliyoitaja kila mara ni Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India 1951 na kuitikisa Unguja katika miaka iliyofuata. Hadithi yake wazee wengi wanaijua mpaka leo: hakimu anamfukuza mkewe mja mzito kwa tuhuma, mtoto anakulia mtaani akawa mwizi, na msichana mwanasheria anayempenda ndiye anayesimama mahakamani kumtetea. Bibi aliiona Majestic ilipoletwa tena. Ukumbi ule uko hatua chache kutoka Mahakama Kuu, na bibi alisema walipotoka usiku ule wakapita mbele ya mahakama, mmoja wao alisimama akaliuliza jengo, kwa sauti, kama ndani yake mna hakimu anayemjua mwanawe. Wanawake wale wengi waliozwa bila ya kuulizwa. Walikwenda Majestic wakamwona mwanamke amesoma sheria, anaongea mbele ya wanaume, na amechagua mwenyewe wa kumpenda. Bibi hakuwahi kuniambia kwamba filamu ilimbadilisha maisha, na mimi simtungii maneno. Alichoniambia ni kwamba walizungumza juu yake kwa wiki nzima, kisimani, jikoni, kwenye kusuka ukili, na kwamba mazungumzo yenyewe yalikuwa ya mambo ambayo kabla ya hapo hayakuwa na pa kuanzia.

Nyumba haiwezi kutoa mazungumzo kama yale. Yanataka watu wengi wawe wameona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vuga palikuwa na jumba la kazi hiyo.

Nyuma ya furaha ile palikuwa na kazi nyingi ambayo watazamaji hawakuiona. Filamu zilikuja kwa meli kutoka Bombay, ndani ya mikebe ya chuma. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye mashine picha 24 kila sekunde, kwa hivyo gurudumu moja la futi 2,000 linakwenda kama dakika 20 tu, na filamu ya Kihindi ya saa tatu inataka magurudumu kama tisa. Chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili: moja ikikaribia kumaliza, alama ndogo ya duara inawaka pembeni juu ya picha, na fundi anawasha ya pili kabla ya jicho la mtazamaji kugundua. Akichelewa kidogo, pazia linakuwa jeupe na ukumbi mzima unampigia mbinja. Chumba hicho kilikuwa na joto kali, taa zake zilikuwa za moto wa kaboni, na fundi alikaa humo filamu nzima akiitazama kupitia kitundu.

Tena mara nyingi nakala ya filamu ilikuwa moja na sinema ni mbili. Basi sinema ya kwanza ilianza mapema, ya pili ikaanza baadaye, na kati yao palikuwa na kijana wa baskeli. Gurudumu likimalizika huku, analifunga kwenye mkebe, anapiga pedali vichochoroni, analifikisha kule, anarudi kuchukua jingine. Ukizijua njia za Mji Mkongwe, kona zake na vibaraza vyake na watu waliokaa vibarazani, utajua kwamba hii haikuwa kazi ya mchezo. Akipasukiwa mpira, mamia ya watu wanakaa gizani wakisubiri kujua steringi ameokoka au hakuokoka. Ninaposikia tukisema kwamba Zanzibar haina historia ya ufundi wa sinema, nawakumbuka mafundi wa chumba cha mashine na vijana wale wa baskeli, ambao majina yao hayakuandikwa popote ukutani.

Na nje kulikuwa na uchumi mzima. Siku za filamu kubwa tiketi zilimalizika dirishani, zikaanza kuuzwa na walanguzi kwa bei ya juu. Wauza njugu, wauza bisi, wauza mishikaki, walijua saa ya intavali kuliko wenye sinema. Haya nayapitia haraka, kwa sababu wazee wanayasimulia vizuri zaidi yangu na ukikaa na yeyote aliyezaliwa kabla ya Mapinduzi atakupa mpaka harufu yake.

Kinachostahili muda zaidi ni muziki. Vuga ndiko ilikoweka makao Culture Musical Club, kikundi cha taarabu kilichoanza 1958, miaka mitatu baada ya Majestic kufunguliwa. Ikhwani Safaa ni wakongwe zaidi, wa mwaka 1905. Mtu akisikiliza taarabu yetu ya katikati ya karne iliyopita kwa makini, ataisikia sinema ndani yake. Filamu za Misri ziliwaonyesha wapiga fidla na wapiga ganuni wa hapa namna bendi kubwa ya Cairo inavyokaa na inavyomjibu mwimbaji. Filamu za Kihindi zilileta sauti ambazo watunzi wetu walizichukua kwa masikio, wakazivisha mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, zikaimbwa harusini wiki ile ile filamu inaonyeshwa. Wapo wanaoliona jambo hili kama wizi au udhaifu. Mimi naliona kama uwezo. Kuushika wimbo kwa kuusikia mara mbili gizani, bila ya kinasa sauti, ukaurudisha nyumbani ukauwekea maneno ya fumbo yanayomlenga jirani, ni kazi ya mtu aliyebobea. Zile sauti ziliingia Unguja kwa milango michache, na mmoja wapo ulikuwa pale.

Miaka ile ya mwisho wa 1950 na mwanzo wa 1960 ndiyo miaka ya zama za siasa. Uchaguzi wa 1957, chaguzi mbili za 1961, uchaguzi wa 1963. Ndugu walisusiana mazishi. Watu waliacha kununua kwenye duka la mtu wa chama kingine. Wazee waliozungumza nami juu ya kipindi hicho husema maneno machache kisha wakabadilisha mazungumzo, na mimi nimejifunza kutowasukuma. Lakini juu ya sinema huzungumza bila ya kukatika. Sidai kwamba sinema iliponya kitu. Isingeweza. Nasema tu kwamba hata katika miaka ile ukumbi uliendelea kujaa, na waliojaa humo hawakuwa wa upande mmoja.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 Serikali ikazichukua sinema. Kwa muda ziliendelea kuwa zilivyo, na watoto wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, walizijaza kuliko wakati wowote. Kilichozidhoofisha kilikuja kwa vipande. Mwaka 1973 Zanzibar ikaanzisha televisheni ya rangi, miongo miwili kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote, na picha ikaanza kutazamwa mtaani bila ya tiketi. Bei ya karafuu ikaporomoka duniani, fedha za kigeni zikawa adimu, filamu mpya hazikuja, vipuri vya mashine havikuja, nakala zilizokuwepo zikachakaa mpaka zikawa zinakatika katikati ya onyesho. Katika miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video. Mtu alikodi mkanda, akaita majirani, akatoza kidogo au asitoze. Miaka ya 1990 sinema za Mjini zikafungwa moja baada ya nyingine. Empire ya Darajani ikageuka duka. Cine Afrique ya upande wa Malindi ikageuzwa jengo la maduka. Majestic haikugeuzwa kitu, na kwa hilo naona ilikuwa na bahati, ingawa ni bahati iliyoiacha iloe.

Nazungumzia mvua. Paa la ukumbi lilianguka, na kuanzia hapo masika na vuli zikawa zinanyesha ndani. Watu wengi hudhani jengo la saruji ni imara kuliko jengo la mawe na chokaa. Kwa hali ya hewa yetu mambo hayako hivyo. Nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko. Chokaa hupitisha unyevu ukaingia na ukatoka, na mafundi wetu wanajua kuikarabati kwa sababu babu zao waliijenga. Zege lina nondo ndani. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi na maji vikifika kwenye chuma kinashika kutu, kutu inatanuka, na zege linapasuka kutoka ndani kama embe lililoiva kupita kiasi. Nje unaona ufa mdogo. Ndani chuma kimeshakwisha. Ukarabati wake unataka mhandisi, unataka kubomoa sehemu mbovu mpaka kwenye chuma kizima, kusafisha, kuongeza nondo, kumimina upya. Ni kazi ya gharama, na kila mwaka unaopita bila ya paa gharama inapanda.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji wenyewe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Hayo ni mambo makubwa na yameokoa nyumba nyingi. Lakini katika vichwa vyetu, sisi wenyeji, neno urithi tumeliachia milango na vibaraza. Jengo la 1955 tunaliona kama kitu cha juzi, kisichohitaji kulindwa. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima wa Beit el Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, uliporomoka na roho za watu zikapotea. Nchi nzima ililia, na kwa haki. Majestic liliporomoka paa na hakuna aliyelia isipokuwa wachache waliokuwa na viti vyao mle. Nauliza kwa dhati: ni watu wangapi wa kawaida walioingia Beit el Ajaib katika miaka yake ya mwanzo wakakaa kwenye kiti? Na ni wangapi walikaa Majestic? Ikiwa urithi ni kile kilichotulea, basi sinema ile ilitulea zaidi ya kasri.

Kuna jambo jingine linalofanya hali hii iwe ya ajabu. Tangu 1998 Zanzibar ina tamasha lake la filamu la nchi za majahazi, ZIFF, linalojulikana Afrika nzima. Limefanyika kwa miaka mingi Ngome Kongwe, chini ya nyota, na ni zuri. Lakini ngome ile ilijengwa kwa ajili ya mizinga. Mvua ikinyesha onyesho linavunjika, na tamasha likimalizika, mtoto wa Jang'ombe aliyeshikwa na hamu ya filamu hana ukumbi wa kurudi wiki inayofuata. Vijana wetu wanatengeneza filamu kwa Kiswahili, wanazihariri kwenye kompyuta zao vyumbani, wanaziweka intaneti, na hawajawahi kukaa nyuma ya ukumbi uliojaa wakasikia watu mia tatu wakinyamaza kwa wakati mmoja kwa sababu ya kitu walichokitengeneza wao. Hayo ni mafunzo ambayo simu haitoi.

Taasisi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa ikishughulikia mpango wa kulirudisha jumba, pamoja na wasanifu na washirika kutoka nje, na mimi nauunga mkono kwa moyo wangu wote. Ninachokitaka kutoka kwa mpango wowote utakaofika mwisho ni wazi. Liwe ukumbi. Lisiwe hoteli yenye picha za zamani za sinema ukutani, wala mkahawa wenye jina la Majestic. Liwe na pazia, jukwaa na viti, na viti vya mbele viwe vya bei ambayo mwanafunzi wa skuli ya Ng'ambo anaimudu kwa pesa ya urojo. Wiki moja moja wapewe wenye maigizo, wapewe wenye taarabu, wapewe watoto. Na wanawake wapewe siku yao, kama ilivyokuwa, kwa sababu bado wapo mabinti wengi Mjini ambao mlango huo ndio pekee watakaoruhusiwa kuupita bila ya ugomvi nyumbani. Watalii waje pia, walipe kiti cha ghorofani, jengo lipate kula. Lakini wakute sisi tumo ndani tayari.

Na uso ule wa 1955 uachwe ulivyo. Asije mtu akaubandika mlango wa kuchonga na taa za kandili ili ufanane na Zanzibar ya kwenye kadi za posta. Jengo lina umri wake na sura yake.

Wakati mafundi wanahangaika na nondo, kuna kazi ambayo haihitaji saruji wala mfadhili. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina magazeti ya zamani, na ndani yake mna matangazo ya sinema: jina la filamu, siku, saa. Hayo yatabaki. Yasiyomo ni nani alikaa wapi, nani aliimba nini akirudi nyumbani, nani alikuwa fundi wa mashine usiku gani, baskeli ilipita kichochoro gani ili kuwahi. Hayo yamo katika vichwa vya watu waliofika miaka sabini na thamanini. Mwenye bibi au babu wa aina hiyo, mpe shikamoo yake, kaa naye, washa simu urekodi. Mwenye vipande vya tiketi au mabango ndani ya sanduku, asiyachome wakati wa kusafisha nyumba. Mimi nimeanza na wale waliofanya kazi ndani ya chumba cha mashine, kwa sababu wao waliobaki ni wachache kuliko wote, na anayemjua mmoja wao, awe Unguja, Pemba, Dar es Salaam au Muscat, naomba aniunganishe naye.